Ubao Wenye Viti Viwili

Hapo zamani, na zamani yenyewe msiidhanie ya mbali, ni masika haya haya yaliyopita, palikuwa na mwalimu aliyekuwa anasahau. Mpo? Basi itikieni jamani, maana umeme umekatika, mashine ya kusaga imenyamaza, na mimi kukaa kimya juu ya debe la mahindi siwezi. Nina watu wananijia alasiri. Miguu inaniwasha. Nisipoongea nitaanza kugombana na mtu hapa bure. Na nyie mnaonijua, naomba mfunge midomo mpaka nimalize.

Mwalimu huyo aliitwa Hoza, alikaa hapa hapa Muheza, nyuma ya wauza machungwa. Alifundisha ufundi wa kompyuta miaka mingi, akastaafu, lakini kupumzika hakupumzika. Wenzake wakalima, wengine wakacheza bao. Yeye akakaa mezani akaandika mfumo endeshi. Miaka kumi na mmoja, mtu na meza yake!

Namwona mwenye ndoo ya buluu anakunja uso. Mfumo endeshi ndiyo nini? Sikiliza, mdogo wangu. Kompyuta ukiiwasha, kuna programu inayoamka kabla ya zote. Hiyo ndiyo inayopanga nani afanye kazi, nani angoje, nani apishe. Kama huyu bwana wa mashine anavyotupanga sisi: wewe mimina, wewe subiri, wewe debe lako limetoboka kaa pembeni. Watu wengi hutumia mfumo uliotengenezwa mbali huko. Mwalimu aliandika wa kwake, mstari kwa mstari, na pembeni akaweka maelezo ya Kiswahili ili mtoto wa shule afungue asome aelewe. Shule nne za huku kwetu zinautumia mpaka leo kwenye kompyuta zao kuukuu.

Waliokuwa wakimsaidia ni watatu. Wa kwanza Mbelwa, mwanafunzi wake wa zamani, kijana wa kusoma kila kitu, hata karatasi ya kufungia maandazi anaisoma. Wa pili Mwantumu, fundi simu wa pale stendi, alikuja siku moja kutengeneza redio ya Mwalimu na hakuondoka tena. Wa tatu Namsifu, huyo ndiye alikuwa na kichwa kuliko wote, lakini alipata kazi Dar akaenda zake. Miaka miwili hakupiga hata simu. Niliudhika mimi! Haya, tuendelee.

Nyumba ile ilikuwa na sharti moja. Mstari usiosomwa kwa sauti hauingii. Ukiandika, unasimama, unausoma, wenzako wanasikiliza. Mmoja anasoma, wengine kimya. Ukimkatiza mwenzako unatolewa nje ukasimame na kuku. Na kinachosomwa ni mistari tu, yale maelezo ya pembeni hayasomwi. Likumbukeni hilo.

Basi Mwalimu akaanza kusahau. Kwanza miwani, tukacheka. Kisha jina la mdogo wake, hatukucheka. Kisha asubuhi moja akavaa suti, akachukua chaki, akatoka kwenda kufundisha darasa lililokwisha miaka kumi na miwili iliyopita. Walimrudisha watu wa bodaboda. Na alijua. Hilo ndilo liliuma kuliko yote, kwamba alijua.

Akawaita Mbelwa na Mwantumu. Akamwita na mke wake asikie. Akasema: "Nina siku nzuri na siku mbaya, na siku mbaya zinaongezeka. Kazi imebaki moja. Mfumo wangu unaijua prosesa moja tu."

Prosesa, mdogo wangu wa ndoo ya buluu, ndicho hicho kinu chenyewe kinachosaga. Mashine kubwa za siku hizi zina vinu viwili, vinne, na mfumo usiojua kuvigawia kazi vyote unaachwa nyuma unakufa.

Mwalimu akatoa karatasi iliyokunjwa. "Huu ni ufunguo," akasema. "Maneno kumi na sita ya siri. Mwenye maneno haya ndiye mlezi wa mfumo. Mstari gani uingie, mstari gani ukataliwe, kauli ya mwisho ni yake. Atakayeufanya mfumo wangu uende kwenye prosesa mbili, huyo nitampa. Na ni wa mmoja. Wakiushika wawili, kila mmoja atamngoja mwenzake, na kazi itasimama." Akampa mkewe karatasi amtunzie, kwa sababu yeye angeipoteza. Mke akaifunga pindoni mwa kanga.

Mmeona mambo yalivyo? Saa inakwenda. Kila siku mbaya inamla Mwalimu kidogo. Wakiwahi, atampa mtu ufunguo kwa mkono wake na kwa akili yake. Wakichelewa, basi tena.

Mistari ya kugawia vinu viwili Mwalimu alikuwa ameianza siku zake nzuri, ila hakuwa na mashine ya kuijaribia. Cha kwanza kutafutwa ni mazabodi. Ni ule ubao mpana wa ndani ya kompyuta unaobeba kila kitu. Ubao wa kawaida una kiti kimoja cha prosesa. Wao walitaka wenye viti viwili. Mwanafunzi mmoja wa zamani wa Mwalimu, yuko Tanga mjini, ofisini kwao walikuwa wanabadilisha mashine. Akasema: "Njooni mchague ubao mmoja kati ya mitatu, na prosesa zake mbili nitawapa. Mmoja tu, msinitie matatani."

Mbelwa akaenda. Akaikuta mitatu mezani. Ubao wa kwanza mzuri huo, una taa za rangi, mweusi tititi. Ubao wa pili mkubwa, unabeba kumbukumbu mpaka basi. Ubao wa tatu, loo! Wa kijani kilichopauka, una vumbi, una alama ya chai. Mbelwa akazunguka meza. Akakaa. Akasimama. Mwenyeji wake akamwambia, "Chukua huu wa taa bwana, uende." Mbelwa akasema, "Ngoja." Akauinua wa kijani akaugeuza, akaona tundu moja la kizamani ubavuni, lile ambalo mashine za siku hizi hazinalo tena. Na chini yake kitabu cha maelezo, kurasa mia nne, zote zipo.

Akachukua wa kijani. Yule bwana akamcheka mpaka mlangoni.

Lakini Mbelwa alijua anachofanya. Ukiandika mfumo endeshi, mashine inakufia mikononi kila siku. Kioo kinaganda, kimya, huambiwi umekosea wapi. Ubao wenye tundu lile unachomeka waya kwenda kompyuta ya pili, na mashine ikikata roho, neno lake la mwisho linapita kwenye waya linaandikwa kule. Taa za rangi zingewaambia nini? Nampa haki yake yule kijana. Nani kati yenu asingechukua wenye taa? Semeni ukweli!

Ila sasa, njiani! Ndani ya basi, akafunua kifuniko cha kiti cha pili amwonyeshe abiria mwenzake. Aone jinsi vijipini vilivyopangwa mle ndani, vyembamba kama unywele, mamia kwa mamia. Basi likaruka tuta, kidole kikatua. Vijipini kumi na kimoja vikalala. Kumi na kimoja! Kwa ajili ya kumwonyesha muuza vitenge asiyejua hata kinachozungumzwa.

Akafika nyumbani akanyamaza. Akaweka prosesa moja kwenye kiti kizima, cha pili akakifunika. Akawasha. Mfumo ukapanda vizuri ajabu. Mwalimu akauliza, "Imekubali zote mbili?" Mbelwa akasema, "Imekubali, Mwalimu." Mzee wa watu akalia. Akamshika Mbelwa kichwa akamwombea dua. Jirani wakaletewa soda.

Siku tisa nyumba ile ilikuwa na furaha. Siku ya kumi, Mwalimu akaamka na siku yake nzuri. Akakaa mezani mwenyewe. Akaiuliza mashine prosesa ziko ngapi. Mashine haijui kuficha, ikajibu: moja.

Mwalimu hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Mbelwa, nilikuwa na siku chache, na wewe umenichukulia tisa." Mbelwa akapiga magoti pale sakafuni, akaeleza yote, basi, tuta, kidole. Mke wa Mwalimu alitaka kumchapa na mwiko. Alizuiwa.

Mwantumu ndiye aliyemzuia. Akasema, "Mama, niachie mimi." Akaubeba ubao akauweka dirishani penye jua. Akaleta lenzi yake ya kazini na sindano ya kushonea. Wateja wa simu akawafukuza wote, "nendeni kwa jirani, mimi sipo." Chai akaacha, mkono usije ukatetemeka. Siku tatu, tangu jua linaingia dirishani mpaka linatoka, anainua kijipini kimoja, anapumua. Anainua kingine, anapumua. Kimoja kikivunjika, ubao ni wa kutupa na mwingine hakuna. Watu tulitembea ndani kwa kunyata, hata jogoo alifungiwa stoo. Cha kumi na moja kilipokaa sawa, aliweka sindano chini, akajaribu kusimama, shingo ikakataa kugeuka. Mpaka leo anageuka mwili mzima ukimwita.

Wakaweka prosesa ya pili. Wakawasha. Mashine ikaona mbili! Wakaruka, wakakumbatiana. Kabla hawajakaa chini, ikaganda. Wakawasha tena. Ikaenda kidogo, ikaganda. Mara inaganda haraka, mara inachelewa, mara unadhani imepona, kumbe wapi. Na kila ikikata roho, kwenye ile kompyuta ya pili, kupitia ule waya wa lile tundu la kizamani, yanatoka maneno mawili. Prosesa ya kwanza inasema: nasubiri. Prosesa ya pili inasema: nasubiri.

Nasubiri, nasubiri. Wiki nzima. Mbelwa akasoma mistari yote upya, hakuona kosa. Mwalimu wiki ile hakuwa na siku nzuri hata moja. Alikuwa anazunguka uani akitafuta baiskeli aliyoiuza kabla sijaolewa... kabla mkewe hajaolewa. Haya, imeniponyoka. Mimi ndiye mke wake. Mnanitazama nini? Wengine mlishajua tangu nilipokaa juu ya debe. Niacheni nimalize.

Mimi nikampigia Namsifu. Nikamwambia, "Mwalimu wako anaisha, na mashine imekwama." Nikamwambia na habari ya ufunguo, nilikosea labda, sijui. Kesho yake asubuhi yupo mlangoni na begi. Alikuja kwa ajili ya Mwalimu au kwa ajili ya ufunguo? Mimi sikumfungua moyo nikaona.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema. Mwalimu akamwitikia vizuri, kisha akaniuliza mimi, "Huyu binti wa nani?" Namsifu akageukia ukutani akajifuta uso. Halafu akakaa kwenye kazi.

Siku mbili anasoma. Siku ya tatu akatuita sote. Akasema, "Mbelwa, wewe soma hapa. Mwantumu, wewe soma hapa. Kwa pamoja."

Mbelwa akaruka, "Kwa pamoja? Nyumba hii anasoma mmoja!"

"Ndiyo maana kosa hamjalisikia," akasema Namsifu. "Miaka yote mnasoma mmoja mmoja. Prosesa mbili hazingojani zamu. Zinasoma pamoja."

Mbelwa akamtazama Mwalimu. Mwalimu alikuwa kitini anamenya chungwa. Akasema, bila kuinua macho, "Mwacheni." Mimi mpaka leo sijui alikuwa amesikia au alikuwa anasemea chungwa.

Namsifu akaingia jikoni kwangu bila kubisha, akachukua sufuria na mwiko, akaviweka mezani. Sufuria ndiyo diski, panapohifadhiwa vitu. Mwiko ndiyo kumbukumbu, panapowekwa kazi inayoendelea. Mstari ukisema shika, unashika. Mbelwa alitakiwa ashike sufuria kwanza, halafu mwiko, apike, aachie. Mwantumu ashike mwiko kwanza, halafu sufuria, apike, aachie. Wakaanza. Mara ya kwanza Mbelwa aliwahi, akamaliza, Mwantumu naye akamaliza. Safi. Mara ya pili safi. Mara ya tatu wakaenda sawa. Mbelwa kashika sufuria, ananyoosha mkono wa pili. Mwantumu kashika mwiko, ananyoosha mkono wa pili. Kimya.

"Nasubiri," akasema Mbelwa.

"Nasubiri," akasema Mwantumu.

Wakatazamana, mikono hewani. Mimi nikachoka, nikasema, "Si mmoja aachie! Ugali wangu nitasongea nini?" Mwantumu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Namsifu hakucheka, alikuwa keshaanza kuandika. Dawa yake nyepesi kuliko mnavyofikiri: kuanzia leo kila mtu ashike sufuria kwanza, mwiko baadaye. Asiyepata sufuria hagusi mwiko. Basi.

Alipofika kwenye mistari yenyewe abadilishe, akaona maelezo pembeni, ya miaka tisa iliyopita, maneno ya Mwalimu: "Hapa wawili watagongana. Nitarudi." Mbelwa alikuwa ameupitia ukurasa ule mara mia. Lakini maelezo ya pembeni hatusomi. Na Mwalimu hakurudi, kwa sababu alisahau.

Wakawasha. Dakika kumi. Saa nzima. Kutwa nzima. Prosesa mbili zinakula kazi, hakuna nasubiri, hakuna kuganda. Nikampeleka Mwalimu mezani nimemshika mkono. Nimemvalisha shati lake jeupe. Karatasi nimeifungua pindoni, nimeishika tayari. Nikamwambia, "Tazama, baba. Prosesa mbili. Sasa sema ni nani, nimpe."

Akatazama. Akavaa miwani akatazama tena. Akasoma mistari kama kumi, polepole, kwa kidole. Uso wake ukafurahi, jamani, nilikuwa sijauona uso ule tangu mwaka juzi. Akasema, "Kazi nzuri sana hii. Nani kaiandika?"

Mbelwa akatoka nje. Namsifu akasema, "Wewe, Mwalimu." Mwalimu akacheka, akasema, "Usinitanie binti, mimi siwezi kitu kama hiki."

Nikaikunja karatasi nikairudisha pindoni. Hiyo ni wiki tatu zilizopita, na siku nzuri haijarudi.

Wamekuja kwangu mmoja mmoja. Mbelwa kasema: "Mama, nilikosea, sikatai. Lakini ningechukua wenye taa, zile nasubiri mbili zingetoka wapi? Angekaa hapa Namsifu mwaka mzima anatazama kioo kilichoganda. Na miaka yote hii nimekuwa hapa, sijaondoka hata wiki." Mwantumu hakutaka kusema, nilimlazimisha. Kasema: "Bila prosesa ya pili kukaa kitini, mngekuwa na ubao wa moja. Shingo yangu hii Mama unaiona. Kuandika mistari sijui, ila najifunza, na sijawahi kumdanganya Mwalimu." Namsifu kasema: "Mwalimu alisema atakayeufanya uende. Ni nani aliufanya uende? Nilikosa kupiga simu, nitalibeba hilo. Lakini mfumo huu ukimpa asiyeuelewa, utakufa mara ya pili."

Najua utakalosema, wewe mzee wa kofia, wape wote watatu. Mwenye mfumo alikataa kwa mdomo wake, na mimi yale ya sufuria na mwiko nimeyaona kwa macho yangu. Na usiniambie nikae nao mimi. Mlezi akikosekana, hakuna mstari unaoingia, na zile shule nne, kompyuta moja ikigoma leo, nyingine kesho, mwakani mfumo wa mume wangu haupo tena popote, si kichwani mwake wala nje yake.

Karatasi hii hapa, tazameni, pindo limechakaa kwa kulifungua na kulifunga. Wote watatu wanakuja alasiri hii. Nimewaambia leo natoa. Nimetoka nyumbani nikasema nakwenda kusaga, kumbe nakimbia tu, mahindi yenyewe unga ninao.

Eh! Taa hiyo imewaka, umeme umerudi. Bwana mashine, ngoja kwanza, usiwashe, nakuomba, ngoja wanijibu! Ninyi hamna undugu nao, hamna chuki nao. Aliyeuchagua ubao akaudhuru, au aliyeuponya asiyejua kuandika mistari, au aliyelisikia kosa akiwa ametoka mbali? Je, nani anastahili nimfungulie hili pindo?